Njala, Sinia na Sahani ya Mtoto

Wenzangu katika chama hiki wanapenda kuandika juu ya ngoma, juu ya mahari, juu ya mazishi na juu ya majina ya mito yetu. Mimi nimeomba nafasi niandike juu ya jambo ambalo liko katika kila nyumba na hakuna anayelihesabu kuwa desturi. Ni njala. Vitabuni wanaandika njaa. Hapa kwetu Kasongo na kule Kabambare tunasema njala, na nitaliacha neno lilivyo.

Wengine watacheka na kusema: njala si desturi, njala ni tumbo. Mimi nafundisha biologia, na nilipoanza kazi nilifikiri hivyo hivyo. Tumbo likiwa tupu linalia, likijaa linanyamaza, basi. Lakini kadiri nilivyosoma, na kadiri nilivyosikiliza wazee wa upande wa baba na wa mama, niliona kwamba tumbo ni mtumishi tu. Bwana yuko kichwani, na bwana huyo anafundishwa na nyumba alimokulia.

Tuanze na salamu. Mtu akirudi kutoka Kindu au Bukavu, mashavu yamejaa, tunampokea kwa furaha: "Ee ndugu, umenona!" Wageni wa mashirika wanashtuka wakisikia, kwa sababu kwao neno hilo ni karibu na tusi. Kwetu ni sifa kwake, kwa mke wake na kwa kazi yake. Kinyume chake, "umekonda" inasemwa kwa sauti ya chini, tena ni swali. Maana yake: nyumbani kuko amani? Una ugonjwa gani unaotuficha?

Sioni ujinga katika salamu hiyo. Mzee aliyezaliwa Kabambare kabla ya uhuru ameona vita vya Mulele mwaka 1964, ameona vita vya 1996, kisha vile virefu vya 1998 hadi 2003. Mara tatu amekimbia, mara tatu ameacha shamba likiwa na mpunga ndani. Mtu kama huyo anajua kwamba mafuta ya mwili ni akiba, sawa na mpunga ulio ghalani. Na sayansi imemfuata nyuma. Mwaka 1994, kule New York, Jeffrey Friedman na wenzake waligundua kitu kinachoitwa leptini. Kinatoka katika mafuta yenyewe ya mwili, kinapita katika damu, kinafika sehemu ndogo iliyo chini ya ubongo, inayoitwa hipotalamusi, na kuleta habari: akiba iko. Mtu akikonda, habari hiyo inapungua. Ubongo unasikia kimya hicho kama hatari. Unaongeza njala, unapunguza joto la mwili, unamfanya mtu awe mzito wa kutembea, na kwa mwanamke unaweza hata kufunga mlango wa uzazi. Wamama waliokaa porini wakati wa vita wanasimulia kwamba miezi yao ilikatika. Walifikiri ni hofu tu. Hofu ilikuwemo, lakini mwili pia ulikuwa umehesabu akiba na kukataa kubeba mtu wa pili.

Sasa mambo ya bugali. Baba yangu ni wa ukoo wa Wangwana wa Kasongo, mama yangu ni Mbangubangu wa Kabambare. Kwa baba, chakula ni wali. Tangu enzi za Tippu Tip, aliyefanya Kasongo kuwa makao yake kuanzia miaka ya 1870, mpunga umeshika mizizi katika udongo huu na katika vichwa vya watu. Kwa mama, wali ni kitu cha kuchezesha mdomo; chakula ni bugali wa muhogo na sombe yenye mawese. Nyumbani kwetu niliona ajabu hii mara nyingi: baba akila bugali saa sita, saa nane anauliza chakula kiko wapi. Mama akila wali, sahani kubwa kabisa, jioni anasema, "Leo sijakula kitu." Chungu kilikuwa kimoja na kazi ya shamba ilikuwa moja. Mtoto anapokula bugali kila siku, ubongo wake unashika ladha ile, uzito ule mkononi na tumboni, na nguvu inayokuja nyuma yake. Akikua, shibe inaanza kabla chakula hakijasagwa, kwa kukitambua tu. Chakula asichokizoea kinaingia tumboni kama mgeni asiye na barua.

Saa nayo inafundishwa. Jirani zetu Wakatoliki wana Kwaresima yao. Sisi tunaofunga Ramadhani tunajua kwamba siku tatu za kwanza ndizo ngumu. Saa sita mchana, saa ya chakula, tumbo linalia kama mtoto aliyeachwa njiani. Lakini ukivumilia, saa tisa njala imepungua, na hukula kitu! Mwaka 1999 Wajapani wawili, Kojima na Kangawa, pamoja na wenzao, waliandika juu ya ghrelini, inayotoka hasa tumboni na kuamsha njala. Baadaye ilionekana kwamba inapanda kabla ya saa ambayo mtu amezoea kula, kisha inashuka hata kama hakula. Inakuja kama wimbi na inapita. Baada ya siku kadhaa za kufunga, wimbi linaanza kuhamia magharibi. Na tazama jinsi wazee wetu walivyopanga futari: kwanza maji na uji mwepesi wa mchele, kisha sala, ndipo sinia inakuja. Tumbo na matumbo yanahitaji muda, kama dakika ishirini hivi, kupeleka habari ya shibe kichwani. Ile sala imekaa katikati kabisa. Sisemi kwamba sala iliwekwa kwa ajili ya matumbo, Mungu aniepushe. Nasema tu anayeruka sala na kukimbilia sinia anajulikana usiku ule ule, kwa namna anavyolala.

Lakini njala ya Ramadhani ina mwisho unaojulikana, na jua ndilo linaloushika. Kuna njala nyingine isiyo na saa, na hiyo ndiyo iliyonifanya niandike.

Mwaka 1999 ndugu wa mama yangu, upande wa Kabambare, waliacha kijiji na kukaa porini miezi mingi. Leo askari wa RCD, kesho Mai-Mai, na kila mmoja alikuta jungu jikoni na kulichukua kama lake. Porini walikula majani, viazi vya mwitu na mihogo iliyochimbwa usiku. Mihogo michungu inataka kulowekwa majini siku tatu au zaidi ili sumu itoke, lakini mwenye njala hahesabu siku vizuri. Kule Kwango, magharibi ya nchi yetu, ugonjwa wa konzo unaopooza miguu unajulikana tangu miaka ya 1930, na unatokea pale ambapo watu wanakula muhogo mchungu uliolowekwa haraka na hawana cha kuusindikiza. Chumvi nayo ilikuwa imepotea. Mpaka leo shangazi zangu wakitaka kupima ubaya wa mwaka wanauliza kwanza bei ya chumvi.

Usiku, wanasimulia, wanawake walikuwa wakipika kwa mdomo. Mmoja anaanza: mimi leo napika kuku na mawese. Mwenzake anamkatiza: usisahau kitunguu, kitunguu kwanza. Wa tatu anatoa samaki wa Lualaba, anamsafisha, anamkausha, anamtia karanga. Wanagombana juu ya pilipili kwa ukali, kama kweli kuna chungu mbele yao. Wanaume walijifanya hawasikii, lakini hakuna aliyelala. Mwishoni bibi yangu alikataza kabisa: "Musipike kwa mdomo. Munaamusha njala, na ninyi hamuna cha kuilalisha."

Niliposoma habari za Minnesota, Marekani, nilimkumbuka bibi. Huko mwaka 1944 daktari Ancel Keys aliwakusanya vijana 36 waliokataa kwenda vitani kwa sababu ya imani yao, wakakubali kwa hiari kushindishwa njaa ili madaktari wajue namna ya kuwasaidia watu wa Ulaya baada ya vita. Kwa miezi sita ya mwaka 1945 walipewa karibu nusu ya chakula walichozoea, na walitembea sana kila wiki. Walipoteza karibu robo ya uzito wao. Lakini kilichowashangaza madaktari kilikuwa kichwani. Vijana wale waliacha kuzungumza juu ya siasa, juu ya wasichana, hata juu ya Mungu. Walizungumza juu ya chakula. Walisoma vitabu vya upishi kama riwaya, waliota chakula, walilamba sahani, walichezea chakula kidogo kwa saa nzima ili kisiishe. Wakawa wakali na wenye huzuni. Na walipoachiliwa kula watakavyo, wengi walikula mpaka tumbo likauma na bado wakasema wana njala. Iliendelea hivyo miezi kadhaa. Mafuta yalirudi kabla ya misuli, hata kupita kipimo cha mwanzo, kana kwamba mwili uliapa kutoshikwa tena bila akiba.

Basi unapomwona mtu mzima wa Kabambare, mwenye duka na baiskeli tatu za kuleta ndagala, anakula kwa haraka, mkono wa kushoto umezunguka sahani kama ukuta, usimcheke. Umri wake unakwambia alikuwa wapi mwaka 1999.

Familia ilipotoka porini, mjomba wangu mmoja, kijana wa miaka kumi na saba, alikuwa mifupa. Jirani mmoja mwema alileta bugali mkubwa na nyama. Bibi alimshukuru, akapokea sahani kwa mikono miwili, akaificha. Akampa yule kijana uji wa mchele, mwembamba kama maji, vijiko vichache, kisha tena baada ya muda, usiku na mchana. Kijana alilia, alimtukana. Bibi alimjibu: "Tumbo imelala. Tuiamushe pole pole, juu ikiamuka na hasira itakuua." Siku za baadaye akaongeza uji mzito na mawese kidogo, kisha samaki. Nyama ilikuja mwisho.

Hili halikuwa neno la bibi tu. Mwaka 1945 kambi za Wajerumani zilipofunguliwa, watu wengi waliokuwa wamebaki mifupa walikufa baada ya kupewa chakula kizito na askari waliowaonea huruma. Mwili wenye njala ndefu unazima mashine moja baada ya nyingine, na chumvichumvi zake, kama vile fosfati na potasiamu, zinapungua ndani ya seli. Wanga mwingi ukiingia ghafla, insulini inapanda na kuzivuta fosfati na potasiamu kutoka katika damu kwenda ndani ya seli. Damu inabaki na kidogo mno, na moyo, ambao ni msuli, unaweza kushindwa kupiga. Ndiyo sababu hospitalini mtoto aliyekonda sana haanzi na chakula cha nguvu. Anaanza na maziwa mepesi yanayoitwa F-75, kidogo kidogo, mara nyingi kwa siku, na baadaye ndipo anapewa F-100 au ile siagi ya karanga ya pakiti. Bibi yangu hakujua fosfati, lakini alipita njia ile ile.

Mpaka hapa nimewasifu wazee. Sasa nitagombana nao kidogo, na ugomvi huo ni juu ya watoto.

Wachache wetu wanajua kwamba jina la Kasongo linasomwa katika vyuo vya udaktari vya Ulaya. Katika miaka ya 1970 Taasisi ya Tiba ya Nchi za Joto ya Antwerp, pamoja na serikali ya Zaire, ilikuwa na Mradi wa Kasongo hapa hapa. Walijenga mtindo wa vituo vidogo vya afya, na walipima watoto: uzito, urefu, mkono. Ni ile mizani ya kuning'iniza, mtoto ndani ya suruali ya kitambaa, analia na kupiga mateke. Kisha walifuatilia nani aliishi na nani alikufa. Makala yao ya mwaka 1983 ilileta mabishano, kwa sababu walikuta kwamba kumpima mtoto mara moja hakukutosha kutabiri kifo chake. Mtoto mnene alichukuliwa na surua, na mdogo mwembamba, ambaye alikuwa mwembamba tangu kuzaliwa, aliishi. Nchi nyingine, kama Bangladesh, zilileta majibu tofauti, na wataalamu walibishana kwa miaka. Leo mhudumu wa kijiji anatumia utepe wa rangi tatu kwenye mkono wa juu wa mtoto: chini ya milimita 115 ni nyekundu, na mtoto huyo hasubiri kesho.

Mimi najifunza jambo moja kutoka kwa mizani ile: jicho letu linalopenda unene linaweza kudanganywa. Bwaki inavimbisha. Mtoto wa bwaki ana mashavu ya duara na miguu iliyojaa maji, mama anapongezwa sokoni kwamba mwanawe amenona, na kumbe nywele zimeanza kuwa nyekundu na ngozi inabanduka. Hataki kucheza. Hataki kula. Wazee wetu wanasema ni kwa sababu mama alipata mimba nyingine mapema. Ajabu ni kwamba watu wa Ghana ya leo walisema karibu hivyo hivyo: jina kwashiorkor, alilolipeleka daktari Cicely Williams katika magazeti ya udaktari mwaka 1935, ni neno la lugha ya Kiga lenye maana ya ugonjwa wa mtoto anayeondolewa titini mwingine akizaliwa. Wazee wa pande zote mbili waliona vizuri mtoto anaugua lini. Kosa ni pale tunapoishia kwenye aibu ya mama na kusahau kuangalia kilichomo katika sahani.

Na hapa njala yenyewe inakuwa alama. Kabla ya kuamua kama mtoto atatibiwa nyumbani au atalazwa, wauguzi wanampa ile siagi ya karanga na kutazama. Akiila kwa hamu, anarudi nyumbani na pakiti zake. Akigeuza uso, analazwa, hata kama hana homa. Mtoto anayelilia chakula bado anapigana. Yule aliyeacha kulia ndiye wa kukimbiza.

Sasa fikirini sinia yetu. Tunakaa chini, wakubwa na wadogo, mkono wa kulia, bismillahi, tunaanza. Bugali ni moto. Mkono wa mtu mzima umezoea moto, wa mtoto wa miaka miwili haujazoea. Mkubwa anameza matonge kumi, mdogo bado anapuliza la kwanza. Tumbo lake ni dogo, na muhogo ni wanga karibu mtupu. Unalijaza bila kuleta kinachojenga mwili. Kinachojenga kiko katika samaki, katika maharagi, katika karanga, na desturi inakipeleka kwingine. Firigisi ya baba. Kichwa cha samaki cha mzee. Yai asipewe mtoto, atakuwa mwizi. Sinia ikiisha, wote wanasema wameshiba, na mtoto naye anasema, kwa sababu hajui kipimo kingine.

Nilimweleza haya shangazi yangu, dada ya baba, ambaye analea wajukuu wanne. Nilimwambia: tumpe mtoto sahani yake. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza kama nataka kumlea mchoyo. "Mutoto wa sahani yake peke yake hajui kama mwenzake hajakula. Kwenye sinia anaona. Akiona samaki imebaki moja, anajifunza kuiacha." Akaongeza kwamba wakati wa vita, mtu aliyekula peke yake nyuma ya nyumba ndiye ambaye hawakumwambia njia ya kukimbilia.

Sikuwa na jibu la haraka. Na nilijua kitu kingine kinachomtetea: watu wanakula zaidi wakiwa pamoja kuliko mmoja mmoja, na mtoto anajifunza kukubali chakula kipya kwa kuona wengine wanakitia mdomoni. Ukimtenga kabisa na sahani yake pembeni, anaweza kuichezea tu mpaka kuku waje. Sinia ina faida, na shangazi hakuipata katika kitabu.

Lakini pia nilimkumbusha juu ya Uholanzi. Majira ya baridi ya 1944 na 1945 Wajerumani walizuia chakula kuingia magharibi ya nchi ile. Watoto waliokuwa tumboni miezi hiyo walifuatiliwa mpaka uzeeni, na wengi wao, kuliko wenzao, walipata ugonjwa wa sukari. Waliokutwa na njala mwanzoni mwa mimba walipata zaidi unene na ugonjwa wa moyo. Mwili uliojengwa kwa ajili ya njala ulikutana na mkate na siagi. Watoto waliotungwa porini kwetu mwaka 1999 sasa ndio wenye kuolewa na kuzaa. Wengine wamehamia Kasongo mjini au Salamabila, kwenye dhahabu, ambako asubuhi ni chai yenye sukari nyingi na mikate ya kukaanga. Tunawasalimia, "Umenona!" Sikatai salamu hiyo. Nasema tu kwamba kwao, mwenye kusalimiwa apimwe pia damu.

Shangazi alinyamaza siku kadhaa. Ramadhani iliyofuata nilikwenda kufuturu kwake. Sinia ilikuwa moja, kama zamani, na wajukuu wamekaa katikati yetu. Lakini kabla ya bismillahi alichukua kijiko cha mbao, akachora mstari katika wali mbele ya kila mtoto, akaweka hapo kipande cha samaki kilichotolewa miiba na maharagi juu yake, akasubiri kidogo kipoe. Kisha akatutazama sisi wakubwa, mmoja mmoja. "Huu ni mupaka," akasema. "Mwenye kuvuka, ataniambia mimi."